Goti Alilolitaja Bibi

Chapwa, Tunduma
12 Januari 2015

Shangazi Fauzia,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, na magoti yake yanakusalimu pia. Ndivyo alivyoniambia niandike.

Najua ungependa nikupigie simu. Kwenye simu maneno hunikwama, nabaki kusema "eee" na "ndiyo" mpaka salio linakwisha. Bibi naye akiishika hupaza sauti hadi madereva walio kwenye foleni ya malori wanageuka kututazama. Kwa hiyo nimeandika, na barua hii ataileta dereva wa Baba Mdogo Ashraf anayekuja Dar kesho.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi Baba Mdogo alikuja dukani akasema amepata hospitali India wanakobadilisha magoti kwa roboti, na Bibi aanze kutafuta pasi ya kusafiria. Aliyasema mbele ya watu, unamjua kaka yako. Alikuwepo Mama Enesi jirani yetu, na Mzee Ndalahwa, yule Msukuma wa Msangano anayetuletea mpunga.

"Mama, daktari hata mkono hatii," Baba Mdogo alisema. "Roboti anafanya kila kitu. Ana macho yake, ana mikono yake."

"Anajua Kiswahili?" Mama Enesi akauliza.

"Kiswahili cha nini?"

"Bibi Fatu akilia 'uwii, acha', ataelewaje?"

Mzee Ndalahwa alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Akimaliza magoti mleteni Msangano," akasema. "Tuna palizi."

Bibi alicheka nao. Walipoondoka akaacha kucheka. Hajasema ndiyo wala hapana.

Unajua alivyo siku hizi. Kutoka stoo hadi dukani anatembea kwa kushika magunia, gunia baada ya gunia, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Msikitini haendi tena. Anaswalia stoo, kwenye mkeka tulioutandika kati ya mchele na maharage. Mguu wa kulia anaunyoosha pembeni kwa sababu haukunjiki tangu alipoanguka kwenye lori zamani. Wa kushoto anaukunja, na paji la uso linafika chini. Hilo ndilo analojivunia. Huniambia halijakosa kufika chini tangu alipokuwa msichana Pangani, hata miaka ile ya themanini walipohamia hapa na marehemu Babu, wakalala juu ya mizigo yao.

Nataka nimweleze jambo la roboti kwa ukweli, ila mimi mwenyewe silijui. Nimemaliza shule juzi tu, na fizikia tuliishia kwenye nyenzo na kapi. Roboti hatukufika.

Tafadhali nieleze.

Mtoto wako,
Sabra


Dar es Salaam
23 Januari 2015

Sabra mwanangu,

Marahaba. Nimetoka zamu sasa hivi, miguu inawaka moto, lakini barua yako imenichekesha, nikasema nijibu kabla sijalala.

Kwanza mwambie kaka yangu aache kutisha watu. Roboti haina macho wala haitembei. Ni mkono mmoja mkubwa wa chuma uliosimama kwenye kitako chake kando ya kitanda, na mwishoni una kifaa kidogo kinachozunguka na kusaga mfupa, kama daktari wa meno anavyosaga jino. Nimeongea na muuguzi wa hospitali hiyo, akanitumia video. Nimeitazama mara kadhaa, maana huyo atakayelazwa pale ni mama yangu.

Kazi inakwenda hivi. Mgonjwa anapigwa picha ya CT ya mguu. Kompyuta inatengeneza mifupa yake kwenye skrini, mitupu bila nyama, na daktari anaigeuza kama unavyogeuza papai sokoni. Anachagua saizi ya goti jipya la chuma na plastiki, anapanga kila mahali pa kusaga. Siku ya upasuaji ni yeye anayefungua ngozi. Mguu unafungwa kwenye mashine ili mfupa usicheze. Halafu ule mkono unasaga ukifuata mpango, wenyewe, na mfupa ukisogea hata kidogo unasimama. Daktari hatoki. Anasimama hapo muda wote, kidole kwenye kitufe cha kuuzimisha. Ukimaliza, yeye ndiye anayeliweka goti na kushona.

Faida yake ni kwamba goti linakaa mahali pake na mguu unanyooka vizuri. Si muujiza. Maumivu baada ya hapo ni yale yale na mazoezi ni yale yale. Na mashine haiwazi, Sabra. Inatimiza ilichopangiwa.

Kwa umri wa Mama na presha yake wataanza na goti moja. Kwa hiyo muulize vizuri: ni lipi linalomsumbua zaidi? Kwa sasa, kwenye vile vidato vya stoo, akipanda atangulize mguu wenye nguvu, akishuka atangulize mguu mgonjwa. Wagonjwa wengi hufanya hivyo bila kufundishwa. Mwili una akili yake.

Akiuliza kuhusu kukunja, usimdanganye. Goti jipya linatembea, linapanda ngazi, lakini kulikunja hadi sakafuni ni vigumu. Wengi baada ya hapo huswali kwenye kiti.

Akikubali, nitaomba likizo nimpeleke mwenyewe.

Shangazi yako,
Fauzia


Chapwa, Tunduma
4 Februari 2015

Shangazi Fauzia,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Bibi tukiwa tunachagua mawe kwenye mchele. Ile ya papai aliipenda, akasema huyo daktari anajua kununua. Ile ya kidole kwenye kitufe aliniambia niirudie.

"Kwa hiyo mwenye amri ni mtu," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi Ashraf ni mwongo kama baba yake."

Nilipofika kwenye kukunja na kiti, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Akaja mteja, akahudumiwa, akaondoka. Mwishowe akaniuliza kama hilo la kutokunjika ni kwa goti watakalolibadilisha tu, au hata kwa lile jingine. Nikamjibu kwamba ni kwa lililobadilishwa.

"La kulia," akasema. "Linalonisumbua ni la kulia. Mwandikie Fauzia, la kulia." Alisema kwa sauti, hata watu wa duka la pili wakasikia.

Kwa hiyo amekubali kwenda. Baba Mdogo amefurahi, amemletea sanduku la magurudumu. Mama Enesi ameomba aletewe sari.

Nina swali, Shangazi. Daktari akitazama picha za magoti yote mawili, anaweza kujua ni lipi linalouma zaidi? Namaanisha kwa picha peke yake, bila kuambiwa na mtu.

Kanuni yako ya vidato nimeiangalia kwa macho yangu. Ni ya kweli kabisa.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Sabra


Chennai, India
9 Machi 2015

Sabra,

Nakuandikia kwa barua pepe kwenye anwani ya Anyelwisye wa intaneti. Mwambie aichapishe kwenye karatasi, asikusomee kwa sauti mbele ya wateja.

Tumefika salama. Ndani ya ndege Mama alimuuliza mhudumu kama rubani ameoa. Hapa hospitalini amekwisha kuwa na marafiki, anaongea nao Kiswahili, wao wanamjibu kwa lugha yao, na wanaelewana kuliko mimi na Kiingereza changu. Chakula chao chenye pilipili anakisifu. Chai anasema ni maziwa yaliyopotea njia.

Sasa nisikilize. Daktari wetu ni mtu wa makamo, ana masharubu, mpole. Amepiga picha za kawaida za magoti yote mawili, na akaniita. Yote ni mabovu, lakini la kushoto limechakaa zaidi, mfupa unasuguana na mfupa. Akamuuliza Mama kupitia kwangu, ni lipi? Mama akasema la kulia. Akamuuliza mara ya pili, akampa nafasi. La kulia. Akamwambia atembee mbele yake. Mama akatembea kama bibi harusi, sijui nguvu alizitoa wapi.

Hili ndilo jibu la swali lako la mwezi uliopita: picha inaonyesha mfupa, haionyeshi maumivu. Wapo watu wenye picha mbaya ambao hawaumwi. Kwa hiyo daktari humsikiliza mgonjwa, na Mama amesema. Picha ya CT imepigwa ya mguu wa kulia na mpango umetengenezwa wa mguu wa kulia. Upasuaji ni Alhamisi, tarehe kumi na mbili.

Nikilala nasumbuliwa na swali lako. Kwa nini uliuliza? Wewe ndiye unayeishi naye tangu wazazi wako wahamie Saza. Kama kuna unachokijua, niambie. Ni lipi?

Jibu haraka.

Fauzia


Tunduma
10 Machi 2015

Shangazi,

Shikamoo. Barua pepe yako nimeipata leo asubuhi.

Nilimwahidi Bibi jambo, na kwa sababu hiyo siwezi kukujibu wewe. Naomba usinikasirikie. Lakini nimeandika karatasi kwa mkono, Anyelwisye ameipiga picha na kuiambatisha hapa. Imeandikwa kwa herufi za chuoni, zile za Kiarabu ambazo Bibi huandikia Kiswahili. Najua wewe huzisomi, maana Bibi husema kila alipokuwekea ubao wewe ulitorokea uani kuruka kamba.

Ichapishe umpe mkononi. Umpe kabla ya Alhamisi. Asipoisoma, mwambie Sabra amepiga magoti anaomba aisome.

Sabra


Tunduma
10 Machi 2015

Bibi yangu Fatu,

Shikamoo.

Nimeandika kwa herufi ulizonifundisha kwa mkaa kwenye sakafu ya stoo, ili uisome mwenyewe. Hakuna niliyemwambia. Anyelwisye ameiona karatasi, anadhani ni dua, tayari anafuta kioo cha mashine yake kwa kitambaa safi.

Ijumaa ile ulipoanguka kati ya magunia ulinishika mkono ukasema, "Hili libaki humu humu stoo." Nikasema ndiyo. Limebaki. Lakini humo stoo tulikuwemo mimi na wewe, kwa hiyo nikikuambia wewe sijalitoa nje.

Lililokuangusha ni la kushoto. La kulia ni gumu tu, halikunjiki, lakini linakubeba. Ukipanda vidato unatanguliza mguu wa kulia. Ukishuka unatanguliza wa kushoto. Nilikuwa nakuona kila siku bila kujua maana yake, mpaka Shangazi alipoandika ile kanuni yake. Tena ukiwa kwenye sijda unazuia pumzi. Nikiwa dukani huacha kupima mchele, nikasubiri nikusikie ukipumua. Ukiinuka unavuta gunia kwa mikono yote miwili.

Nadhani najua kwa nini umewatajia la kulia. Hilo halikunjiki, basi walichukue walibadilishe, na la kushoto ubaki nalo likupeleke chini hata kama linakuua. Ungekuwa unabadilishana mchele, ningesema umefanya biashara nzuri.

Lakini Bibi, wakikupasua la kulia, utasimama kwa lipi wakati linapona? Kwa la kushoto. Na huko hakuna magunia.

Jana nilikwenda kwa ustadhi. Mimi, Bibi! Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimepotea. Sikutaja mtu. Niliuliza tu kuhusu mgonjwa anayeswali kwenye kiti. Akasema huyo hajapungukiwa na kitu, Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Nikashukuru nikaondoka, na njiani nikaona aibu, kwa sababu hayo nilikuwa nayajua. Wewe ulinifundisha nguzo za swala kabla hujanifundisha kupika wali. Kusimama kwa mwenye kuweza ni nguzo, na ulikitaja kisimamo kabla ya sijda. Wewe bado unaweza kusimama. Ukiendelea na la kulia naogopa hutaweza hata hilo.

Mashine haitakuuliza, Shangazi anasema haiwazi. Daktari ameuliza, ukamjibu unavyotaka. Aliyebaki ni mimi. Sikuwahi kukuuliza jambo mara mbili maishani mwangu, na hili nakuuliza mara moja tu.

Bibi, ni lipi?

Ukisema tena la kulia, sitasema neno kwa mtu yeyote. Nitatandika mkeka wako kama kawaida, na nitakuwa pale wa kukuinua. Lakini nimeshauliza.

Mjukuu wako,
Sabra


Chennai
15 Machi 2015

Sabra,

Najua umekuwa unakwenda kwa Anyelwisye kila siku na kukuta hakuna kitu. Nisamehe. Sikuwa na la kuandika mpaka liwe limekwisha.

Jumatano asubuhi nilimpa karatasi yako na chai. Akavaa miwani. Akasoma, midomo inacheza. Akarudia tangu mwanzo. Halafu akaikunja, akaiweka chini ya mto na kugeukia ukutani. Nikamwita, hakugeuka. Chakula cha mchana hakukigusa. Nikasema moyoni, huyu mtoto amemwandikia nini mama yangu?

Alasiri akaomba nimtandikie kanga sakafuni. Siku zote akiswali mimi hutoka kumwachia nafasi, nikajihesabu kuwa na adabu. Safari hii sikutoka. Sabra, nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimeona watu wakiumwa, lakini vile alivyoinuka kutoka pale chini kwa kupanda kwenye chuma cha kitanda, sitaki kusimulia.

Alipoketi akafuta jasho, akasema, "Niitie yule mwenye masharubu."

Muuguzi alikuwa tayari amemchora mshale wa wino kwenye mguu wa kulia, ndivyo wanavyofanya kabla ya upasuaji. Daktari alipoingia Mama akauonyesha ule mshale kwa kidole.

"Futa," akasema.

Nikatafsiri. Daktari akauliza kwa nini.

"Mwambie ni la kushoto. Tangu mwanzo ni la kushoto."

"Anauliza kwa nini ulisema la kulia, Mama."

"Mwambie lilikuwa neno langu na Mola wangu. Sasa tumeelewana."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Daktari hakukasirika. Alivuta kiti, akaketi, akamwambia ile mashine ingelisaga goti la kulia bila dosari, kila kitu mahali pake, na bado yeye angerudi nyumbani akiumwa. Mama akaitikia, "Ndivyo alivyosema mjukuu wangu, ila yeye aliandika vizuri zaidi."

Ikabidi kuanza upya. CT ya mguu wa kushoto, mifupa mipya kwenye skrini, mpango mpya. Alhamisi ikapita. Ashraf alipiga simu kufoka, kwamba tarehe imesogezwa na nani. Mama akachukua simu, akamwambia, "Na mimi," akakata.

Walimpasua jana, Jumamosi. Kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa. Nilipomuuliza daktari kama mashine ilisimama hata mara moja, akasema hapana, mfupa ulitulia. Leo wamemsimamisha kwa kigari cha kushikilia. Alipiga hatua chache, akatukana kidogo kwa Kipangani, nikashukuru hawakielewi.

Sikuulizi barua yako ilisema nini. Lakini nikirudi Tunduma, utanifundisha hizo herufi.

Shangazi yako,
Fauzia


Chennai
19 Machi 2015

Mke mwenzangu Sabra,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu, Fauzia ataipiga picha kwa simu, na sasa anachungulia begani kwangu kama mbuzi anayetazama gazeti.

Barua yako nimeisoma. Mwandiko wako bado unapanda mlima mwishoni mwa mstari. Nilikasirika sana. Kunifundisha mimi nguzo za swala! Kisha nikaona aliyenifunga amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe, nikacheka nikiwa nimegeukia ukutani. Fauzia anadhani nilikuwa nalia. Mwache adhani.

Hiyo roboti nimeiona. Niliwaambia sikatwi na mtu tusiyejuana, wakanionyesha kabla hawajanichoma dawa. Ina shingo ndefu, imefunikwa plastiki kama makochi ya Ashraf. Nikaipa salamu, haikuitika. Nikajua basi huyu ni mtumishi. Nikamgeukia yule mwenye masharubu, nikamtazama machoni mpaka usingizi uliponichukua.

Nilipozinduka sikuweza kusimama, sikuweza kuketi, hata shingo ilikuwa si yangu. Wakati wa swala ukafika. Nikaswali nikiwa nimelala, rukuu kwa kope, sijda kwa kope. Nilifumba macho nikasema yale yanayosemwa chini, na mjukuu wangu, nilikuwa chini. Nilikuwa chini kuliko siku zote za stoo. Miaka yote hii nilidhani sijda yangu inakaa kwenye goti la kushoto.

Linauma. Asikudanganye mtu. Hapa kuna binti mmoja wa mazoezi, mwembamba kama mwiko, hunikunja mguu asubuhi na jioni bila huruma hata chembe. Lakini ni maumivu yanayokwenda mahali. Yale ya zamani yalikuwa yamekaa tu.

Sasa nina kazi nawe. Kuna kile kiti chekundu cha plastiki wanachokalia wateja. Kioshe. Kipeleke msikitini upande wa wanawake. Usikiweke nyuma ukutani kama kiti cha mgeni aliyechelewa. Kiweke ndani ya safu, mwisho wake, miguu ya nyuma ya kiti iwe sawa na visigino vya watu. Nikirudi sitaki kuanza kuomba nafasi, nataka niikute.

Watasema. Unawajua. Wewe wajibu.

Bibi yako,
Fatu


Chapwa, Tunduma
3 Aprili 2015

Bibi yangu,

Shikamoo. Kiti nilikiosha jana kwa sabuni ya unga na mchanga, wekundu wake umerudi. Leo Ijumaa nilikibeba kichwani kutoka dukani. Mzee Ndalahwa alikuwa anashusha magunia, akauliza nahamia wapi. Nikamwambia ni kiti cha Bibi Fatu cha kuswalia. Akasema, "Na roboti yuko wapi? Mwambieni amechelewa, palizi tumemaliza." Lakini aliacha gunia, akanifungulia njia kati ya malori.

Msikitini wanawake walikuwa wameanza kupanga safu. Nikakiweka mwisho, kulia, nikapima kwa visigino kama ulivyosema. Kisha yule mama wa duka la vitenge akasema, "Weye binti, viti vinakaa nyuma."

Zamani ningekichukua, nikakipeleka nyuma na kuomba radhi njia nzima. Nikamtazama.

"Hiki kinakaa hapa," nikasema. "Ni cha Bibi Fatu. Goti lake limebadilishwa, anarudi mwezi huu, na ataswali kwenye safu pamoja nanyi. Naomba msogee kidogo."

Sikunong'ona. Sauti ilitoka yote. Hata upande wa wanaume nadhani walisikia, maana mtu alikohoa.

Yule mama alinitazama juu mpaka chini. "Kumbe unaongea," akasema. Halafu akawageukia wenzake: "Hamjasikia? Sogeeni."

Wakasogea. Tukaswali, na kiti kikaswali nasi kitupu.

Nimekiacha pale pale. Jioni nitakupigia simu. Wewe usipaze sauti, nitapaza mimi.

Mke mwenzako,
Sabra